Vumbi Lisiingie

Mtaa mzima ulishaamua kwamba Kioo ni mlevi, na mtaa ukishaamua jambo lake, nenda kabishane na ukuta. Walimwona akitoka dukani anapepesuka, mkono mmoja ukutani, ulimi mzito, kandambili moja iko mguuni na nyingine imebaki nyuma njiani, naye hana habari. Anakwenda tu. Watoto wakimkimbilia, "Babu, umeacha kiatu!" anawafokea. Waliokaa barazani wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Leo kazidisha," wanasema.

Kuzidisha nini, jamani? Mtu huyu tangu azaliwe hajaonja hata tone. Mkewe alishaapa kwa kila kinachoapiwa, na hakuna aliyemwamini. Nyayo za mume wake zilikuwa zimekufa ganzi, kiatu kilikuwa kinamtoka hasikii, lakini hilo utamweleza nani akuelewe? Watu wanataka kucheka, wewe unawaletea mambo ya nyayo.

Kioo lilikuwa jina la kazi. Alikuwa fundi wa kupulizia vanishi katika karakana ya samani, na mlango wa kabati ukitoka mikononi mwake ulikuwa unaweza kusimama mbele yake ukachana nywele zako ukaondoka umependeza. Mkewe naye karakana ilimpa jina lake: Mama Maziwa. Hilo lilitokana na chupa ya maziwa ya moto aliyokuwa akimpelekea mumewe kila siku ya kazi, jua likiwa utosini, mvua inyeshe isinyeshe. Mafundi wote wa vanishi waliamini kwamba maziwa husafisha kifua. Ile thina ya kuyeyushia vanishi, unayoivuta kutwa nzima, maziwa yanaikamata na kuishusha, mambo yamekwisha. Nani aliyelianzisha neno hilo hakuna ajuaye. Ila fundi akianza kazi, la kwanza anaonyeshwa bomba la kupulizia linavyoshikwa, la pili anaambiwa anywe maziwa.

Chumba cha kupulizia kilikuwa nyuma ya karakana, cha matofali, dirisha lake moja limezibwa kwa nailoni. Na kulikuwa na sababu. Vanishi ikiwa mbichi, punje ya vumbi ikitua juu yake, basi, umekula hasara ya kutwa: piga msasa, anza upya. Kwa hiyo mlango ufungwe, dirisha lizibwe, vumbi lisiingie. Tajiri wao ndivyo alivyotaka, lakini Kioo alikuwa mkali wa sheria hiyo kumshinda tajiri mwenyewe. Ukisukuma mlango kidogo tu, sauti inakurukia kutoka ndani ya ule ukungu: "Funga! Vumbi!" Hata nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Dirisha la sebuleni likiachwa wazi, baba mtu atapiga kelele na mmoja wa watoto atainuka kulifunga, mpaka ikawa watoto wale wanainuka kabla hajamaliza neno.

Humo ndani alikaa miaka, kitambaa kimefungwa puani, akitoka jioni kichwa kinamwanga na macho mekundu. Siku ya mapumziko kichwa kinatulia. Akirudi kazini kinaanza tena. "Uchovu," anasema. Mkewe anamwongezea maziwa.

Kisha ikaja ile siku ya maharage. Mama Maziwa alikuwa ameyaacha sufuriani tangu juzi yake, yamechacha, yanatoa povu, na alikuwa anajiandaa kuyamwaga. Kugeuka tu, Kioo kesha kujipakulia sahani imejaa, anakula kwa raha zake. "Leo umepika," akasema. Binti yao alicheka mpaka akakaa chini. Mama mtu naye alicheka, chozi likamtoka. Kichekesho hicho kilizunguka kwa ndugu wote, ikawa mgeni akija anaulizwa kama anataka ya moto au ya Kioo.

Baada ya maharage yakafuata mengine ambayo hayakuchekesha. Alikuwa mpole, akawa mtu wa kuwaka kwa jambo lisilo na maana, kijiko kimewekwa hapa badala ya pale, nyumba nzima inatetemeka. Akaanza kusahau. Anatumwa chumvi anarudi na sabuni, na ukimuuliza anakwambia ulimtuma sabuni, na anaapa. Mikono ikaingia kutetemeka. Akiwa anaongea neno linampotea katikati, anabaki ameinua kidole, anangoja lirudi, halirudi. Mwisho tajiri akamwambia apumzike nyumbani kidogo. Kidogo hicho hakikuwa na mwisho, na kwenye chumba cha kupulizia akabaki binti yake.

Binti huyu ndiye mtoto wao wa mwisho. Wenzake walishaoa na kuolewa, wako mbali na maisha yao. Yeye tangu amalize shule alikuwa akimfuata baba yake karakana, akaanza kwa kupiga msasa, akaja kuchanganya thina na vanishi, kisha akashika bomba. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa babaye. Mafundi wanaume walimkejeli mpaka walipoiona kazi yake, wakanyamaza, wakamwita Kioo Mdogo. Akawa anatembea kichwa juu.

Mama Maziwa alimpeleka mumewe hospitali kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Daktari akamgonga Kioo magoti, akamchoma nyayo kwa kijisindano na Kioo akawa anatazama dirishani tu, akamwambia asimame afumbe macho, na Kioo nusura aende chini. Akamtajia vitu vitatu avikumbuke. Baadaye kidogo akamuuliza ni vitu gani. Kioo akamkazia macho.

"Vitu gani tena?" akasema. "Hujanipa kitu wewe."

Daktari akauliza kazi yake. Alipoelezwa, akaweka kalamu chini.

"Ilianza na nini, mama? Pua? Kwa baadhi ya watu hutangulia pua, mtu anaacha kusikia harufu."

Mama Maziwa akayakumbuka maharage. Kicheko chote cha siku ile kikamrudi kooni kama kitu kinachotaka kutapikwa.

"Lakini alikuwa anakunywa maziwa, daktari. Kila siku. Nilikuwa nampelekea mwenyewe, kwa mkono wangu huu."

"Mama, maziwa yanakwenda tumboni. Thina anaivuta, inakwenda kwenye mapafu, inaingia kwenye damu, inapanda kichwani. Njia zao hazikutani. Na thina kazi yake ni kuyeyusha. Ubongo na mishipa ya fahamu ina mafuta mengi, ndiko inakokimbilia."

"Basi mpe dawa ya kuitoa."

"Yenyewe ilishatoka. Kilichobaki ni ilichoharibu." Daktari akamtazama Kioo, akarudisha macho kwa mkewe. "Sitakudanganya. Alichopoteza hakitarudi chote, labda kidogo. Asikanyage tena mle ndani, ili yasizidi. Na kama kuna mwingine mle, mtoeni sasa. Akitoka mapema ana nafasi."

Mama Maziwa hakuyasikia tena yaliyofuata. Mumewe alikuwa keshampoteza, hilo alilijua tangu zamani ingawa hakutaka kulisema. Lakini binti yake wakati ule ule yuko ndani ya ule ukungu, mlango umefungwa, kitambaa puani, na mama yake ndiye aliyemfungia chupa ya maziwa asubuhi.

Jioni binti alirudi. Nguo zake za kazi zilikuwa zinanuka thina mpaka macho yanawasha, na mama mtu akazinyang'anya kama kawaida akazitupa uani.

"Mama na pua yako," binti akacheka. "Mimi hata sioni kama zina kitu."

"Kaa hapa." Akamweleza yote, neno kwa neno kama daktari alivyosema. Binti alisikiliza huku anasugua vidole kwa kitambaa. Alipomaliza, binti akavuta kikombe chake cha maziwa.

"Baba alikuwa hamalizi," akasema.

"Hamalizi nini?"

"Maziwa. Karakana nzima inajua. Alikuwa anakunywa nusu, nusu anampa mlinzi. Ndiyo maana yakampata haya. Mimi namaliza mpaka povu."

Na Mama Maziwa, Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo alitaka kuamini. Ingekuwa nafuu ilioje! Kwamba yeye alifanya sehemu yake, maziwa yalifanya yao, kosa ni la mzee na mlinzi wake. Halafu akamwona Kioo pale kwenye kiti chake, anajaribu kufunga kifungo cha shati, kinamtoroka, anakifuata, kinamtoroka, na nafuu hiyo ikayeyuka.

"Hata angekunywa pipa," akasema. "Utatoka mle, mwanangu. Utatoka kesho."

"Nikale wapi? Mnataka kula nini nyie?"

"Tutakula tutakachopata."

"Mama." Binti akaweka kikombe. "Mle ndani ndimo ninamojulikana. Wanaume wazima wananiamkia. Nikitoka, mimi ni nani kwenye mtaa huu? Binti wa mlevi."

"Binti wa mlevi mwenye akili zake timamu. Nitakuchukua hivyo hivyo."

Binti akaahidi. Amalize kitanda cha bwana harusi fulani, atoke. Kitanda kikaisha, yakaja makabati ya hoteli. Makabati yakaisha, zikaja meza. Tajiri hakuwa mjinga, alijua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Wewe ndiye mkuu wa chumba sasa," anamwambia mbele ya wenzake. "Bila wewe hapa tufunge." Mama Maziwa alimfuata tajiri, akamwomba walau dirisha lifunguliwe, iwekwe feni ya kuvuta hewa. Tajiri akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa, hakuwa mtu mbaya.

"Mama Maziwa, nikifungua, vumbi. Kazi ikirudishwa na mteja, hawa vijana wote watakula mawe? Zidisha maziwa, mama."

Mama Maziwa alitamani kumpiga kwa hiyo chupa ya maziwa.

Asubuhi moja Kioo akatoweka. Kila alfajiri ya Mungu alikuwa akiulizia suruali yake ya kazi na kila alfajiri anaambiwa umepumzishwa, baba, anakasirika, anasahau. Siku hiyo hakuuliza. Mkewe alikuwa bombani anachota maji, kurudi akakuta kiti kitupu. Alijua. Alitoka mbio mtandio umekaa upande, na njiani akaiokota kandambili moja, ya mumewe, imelala peke yake katikati ya barabara.

Karakana mafundi walikuwa wamesimama kimya mbele ya mlango wa chumba cha nyuma, tajiri akiwa kati yao. Kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa ya bomba, ilikuwa inanguruma. Mama Maziwa akawapita akausukuma mlango.

"Funga! Vumbi!"

Zilikuwa sauti mbili, ya baba na ya binti, pamoja. Mama Maziwa akaingia, akaufunga nyuma yake, na hewa ya mle ikampiga kichwani akashika ukuta.

Kioo alikuwa ameshika bomba. Mguu mmoja peku, shati limefungwa kombo, mbele yake kabati kubwa la milango mitatu, lililokwisha kupigwa msasa likalainika kama shavu la mtoto mchanga. Binti alikuwa pembeni, kitambaa puani, macho yanang'aa.

"Kasema anataka kunionyesha mkono, mama," akanong'ona. "Muache. Amekumbuka. Amekuja mwenyewe kwa miguu yake."

Na kweli, mwanzo alikumbuka. Alisimama vile vile alivyokuwa akisimama zamani, akavuta pumzi, akapitisha mstari wa kwanza kutoka juu hadi chini na mkono ukatulia. Mafundi waliokuwa wakichungulia kwenye ufa wa mlango wakaguna kwa sifa. Mstari wa pili ukatetemeka. Akarudia pale pale. Akarudia tena, akisahau kwamba keshapita, na tena, vanishi ikanenepa, ikaanza kutiririka, ikashuka mlangoni hadi sakafuni. Yeye anapuliza tu. Binti akafumbua mdomo, akaufumba. Ule mwanga ukamtoka machoni kidogo kidogo.

Kioo akashusha bomba, akarudi nyuma kuangalia, kama kila fundi anavyofanya. Akaikunja sura.

"Nani kafanya uchafu huu?"

Kompresa ikazimwa, mlango ukafunguliwa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga kelele ufungwe. Tajiri alikuwa amesimama pale, anaangalia kabati lake.

"Nauliza! Nani kaniharibia kabati?" Mate yalikuwa yanamruka. Aliwatazama mmoja mmoja kama wanafunzi wake, na wengi kweli walikuwa wanafunzi wake. Mmoja akainamisha kichwa. Tajiri akafungua mdomo.

"Mimi, baba," binti akasema.

Kioo akamgeukia taratibu. "Wewe?"

"Mimi."

"Mtoto wangu mimi? Damu yangu?" Sauti ilimpasuka. "Nimekufundisha nini miaka yote? Umelewa? Ee? Huna mkono! Huna mkono kabisa! Toka. Toka hapa, na usishike tena bomba maishani mwako, usinitie aibu mbele za watu!"

Binti alikuwa analia chini ya kile kitambaa, mabega yanapanda na kushuka. Akakifungua kitambaa, akakitundika msumarini pale kilipokuwa kikikaa cha babaye.

"Sawa, baba," akasema. "Nimeacha."

Akampita tajiri bila kumtazama. Tajiri akaita, "Kioo Mdogo, njoo tuzungumze," na hakugeuka. Mama Maziwa akamshika mumewe mkono, akamvalisha kandambili yake, wakamfuata binti nyuma. Walipofika getini Kioo alikuwa ametulia kabisa. Akamuuliza mkewe mbona leo hakuja na maziwa.

Siku zilizofuata zilikuwa siku njema, tena mwanamke huyu hakuona haya kuzifurahia. Binti alilala mpaka jua likachomoza. Alikohoa, akalalamika kichwa, kisha kichwa kikatulia. Akaanza kuzungumzia kushona, rafiki yake ana cherehani ya ziada. Nguo zenye thina zilichomwa moto uani, mama mtu akasimama karibu na moto huo akaona kama amemwokoa mtoto mtoni. Alikuwa amempoteza mmoja, mmoja kamtoa. Akaanza hata kuimba akiwa anafua.

Asubuhi moja alikuwa anaimba. Alibandika maziwa jikoni, maziwa ya kunywa tu, hakuna tena aliyeyatazamia yaponye kitu, akamwacha binti kaketi kwenye kigoda kando ya jiko anachambua maharage, akatoka uani kuanika. Jirani akaja ukutani. Habari ya kuacha kazi ilishamfikia.

"Afadhali katoka," jirani akasema. "Mwili wenyewe ulishaanza kumwisha."

"Katoka," Mama Maziwa akajibu, na neno lilikuwa tamu mdomoni. "Katoka mapema. Daktari alisema akitoka mapema ana nafasi."

Akatundika shuka, akatundika shati. Jirani akanusa hewa. "Shoga, hayo si maziwa yako yanaungua?"

Yeye pia alikuwa ameshaisikia harufu. Hakuhangaika, binti alikuwa pale pale jikoni, mkono wake unalifikia jiko. Akatundika nguo nyingine. Harufu ikazidi, ikawa kali, ile harufu ya maziwa yaliyoshika sufuria ambayo ukiisikia mara moja unaijua maisha. Moshi ukachungulia mlangoni.

Nguo ikamtoka mkononi. Alikimbia.

Binti alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo umeelekea jiko, ungo mapajani, anachambua maharage na kujiimbia ule ule wimbo wa mamaye. Nyuma yake maziwa yalikuwa yamefurika hadi sakafuni, na yaliyobaki sufuriani yalikuwa meusi.

"Vipi, mama, mbona mbio?"

Mama Maziwa alinyoosha kidole tu. Binti akageuka, akaruka, akaishusha sufuria kwa upindo wa nguo. "Lo! Sikuona kabisa, mama, nisamehe, nilikuwa nimegeuka..."

"Sijakuuliza kuona." Sauti ya mama mtu ilikuwa ndogo. "Harufu. Hukuisikia harufu?"

Binti akasimama. Akainamia sufuria, akasogeza uso kwenye moshi, karibu, karibu zaidi, akavuta pumzi mpaka kifua kikajaa. Machozi ya moshi yakamtoka. Akavuta tena. Kisha akamtazama mama yake kwa macho ambayo mama huyo alikuwa hajayaona tangu mtoto huyo alipokuwa wa kubebwa.

"Nasikia," akasema. "Kidogo."

Alikuwa anadanganya, na wote wawili walijua.

Mama Maziwa hakulia. Aliufungua mlango wa jikoni mpaka mwisho, akaingia sebuleni akalifungua dirisha, yote mawili mabawa yake, akayasukuma mpaka yakagonga ukuta wa nje. Hewa ikaingia na mwanga na kelele za mtaa. Akasimama pale amelishikilia, kana kwamba kuna kitu kingeweza bado kutoka.

Kwenye kiti chake Kioo akashtuka usingizini.

"Funga!" akafoka. "Vumbi!"

Na binti akaja kutoka jikoni, mikono ina masizi, akampita mama yake, akalifunga.